Mbona mkate wa jana ndo hutoa tosti poa

Kwetu Nakuru, Section 58, kuna ugomvi wa mkate ambao haujaisha tangu ndugu yangu aoe. Shemeji ni msichana wa Kisumu, amelelewa Nyalenda, na kwake mkate ni ule umetoka bekari saa hii, karatasi yake bado ina jasho ndani, huo ndo anataka kuchoma tosti nao papo hapo. Mama naye akinunua mkate leo anauficha juu ya kabati hadi kesho, ukimuuliza anakwambia mkate wa leo uko na gesi, ukiuchoma ukaula utalala na tumbo imevimba. Shemeji anasema "sawa mama" alafu akifika jikoni anacheka. Mimi nilikuwa nakaa hapo katikati na chai yangu nimenyamaza, mpaka asubuhi moja wakanigeukia wote wawili, ati wewe uliyelipiwa karo ya kemia miaka minne hebu tuambie nani anajua mkate. Nikaomba wiki moja.

Jibu ni kwamba mama anajua, ila ile sababu yake ya gesi ndo si yenyewe. Na ukishaipata sababu yenyewe unaona inajibu na maswali mengine ambayo hukuwa umeuliza: mbona raundi ya pili kwa tosta huungua, mbona tosti ya wavu haifanani na ya pani, mbona ya mayai inataka mkate ulioshakuwa mgumu, mbona ukizilalisha kwa sahani zinalainika chini. Yote ni maji. Maji yako wapi, yanatoka lini, yanaenda wapi.

Chukua slesi moja ya mkate mweupe wa dukani, ule wa gramu 400. Ukiigusa unasema hii ni kavu, lakini asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake ni maji, yaani mkate mzima umebeba karibu kikombe cha chai na slesi moja ina kama vijiko viwili vidogo. Na maji yana kichwa ngumu: mahali yapo, joto haliwezi kupita lile la kuchemka, uongeze moto uchoke. Nakuru tuko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu yanachemka kwa nyuzi 94 za Selsiasi hivi, Kisumu kule ziwani mita 1,130 ni kama 96. Rangi ya tosti nayo inataka uso wa mkate ufike nyuzi 140 na kuendelea ndo ije kwa kasi. Kutoka 94 hadi 140 hakuna panya ruti, lazima uso wa slesi ukauke kwanza, ndo joto lipande, ndo rangi ije.

Siku moja kaa tu uangalie. Weka wavu juu ya jiko la makaa, makaa yakiwa yameshavaa majivu meupe na hayatoi moshi, alafu lalisha slesi. Nusu dakika ya kwanza ni kama hakuna kitu kinaendelea, ila ukipitisha kiganja juu yake unasikia umande wa moto, na ukifunika na kifuniko cha sufuria kinarudi na matone. Hayo ndo maji yanahama. Baadaye kidogo upande wa chini unaanza kujivuta juu unakauka, katikati panainuka kama mgongo wa paka, ukigeuza ukaukwaruza na ukucha unalia kama karatasi, na bado ni mweupe. Alafu harufu inakuja ghafla, pua inajua mbele ya macho, ukichungulia chini unapata milia ya kahawia pale waya zimegusa na vidoavidoa hapa na pale, na kutoka hapo hadi nyeusi hazikai, ni sekunde. Wengi huunguza tosti hapo, juu wamesubiri muda wote hawaoni kitu wakasema huu moto ni wa bure, wakashika simu.

Hio rangi watu hudhani ni sukari tu imeungua. Sukari iko ndani, lakini kazi kubwa inafanywa na sukari ikikutana na vipande vya protini, vile vinaitwa amino asidi, kwa joto kavu. Mfaransa mmoja Louis Camille Maillard ndo aliandika juu ya hio kitu mwaka 1912, na wala hakuwa anafikiria mkate, alikuwa anatafuta vile mwili huunda protini. Ilichukua hadi 1953 ndo mkemia Mmarekani mweusi, John Hodge, akiwa kwa maabara ya serikali ya kilimo huko Peoria, Illinois, aipange hatua kwa hatua ikaeleweka. Mmenyuko wa Maillard ndo uko kwa ngozi ya nyama choma, kwa madoa ya chapati, kwa kahawa iliyokaangwa, na kwa mahindi ya kuchoma pale stegi. Na ile harufu ya ukoko wa mkate ina kemikali moja yenye jina refu sitawasumbua nalo, lakini pua yako inaijua vizuri, juu ndo hio hio inafanya bisi zinukie na ndo hio hio inakuita kutoka kwa geti jirani akipika pishori. Siku nyingine ukichoma tosti funga macho uvute pumzi, utaisikia.

Kutoka hapo unaelewa pia mbona mikate haichomeki sawa. Ule wa maziwa ama wenye sukari nyingi unashika rangi mapema, ule mweupe wa kawaida unachelewa, na wa brauni unakudanganya juu ulikuja na rangi yake tayari, hujui imeiva lini mpaka uone moshi. Kwa brauni mimi huacha macho nafuata pua.

Sasa turudi kwa kabati la mama.

Kila mtu anajua mkate ukikaa unakauka ndo unakuwa mgumu, na kila mtu amekosea, ama tuseme amepata nusu. Mwaka 1852 Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Boussingault, alifungia mkate mahali hauwezi kupoteza maji, na bado ukagoma, ukawa mgumu vilevile. Alafu akaupasha hadi kama nyuzi 60 ukalainika tena, bila kuongezwa maji yoyote. Kwa hivyo ugumu wa mkate wa jana si maji yametoka nje, ni maji na wanga vimebadilishana viti humo ndani. Mkate ukiwa ovenini wanga unanyonya maji unavimba unalegea, ukipoa zile nyuzi za wanga zinaanza tena kujipanga bega kwa bega pole pole, zinakaza. Kama hujashika basi fikiria ugali. Ugali wa jana unakatika kama sabuni ya kipande, hakuna maji yametoka hapo ya kuhesabu, na ukiupasha unarudi karibu vile ulikuwa. Wali vilevile. Mkate ni ugali mwenye mapengo ya hewa, basi.

Hapo ndo mama anashinda. Slesi ya mkate wa jana imekaza kidogo, inasimama yenyewe, uso wake hauna ule unyevu wa mkate uliotoka bekari, kwa hivyo inakauka haraka na kushika rangi wakati bado katikati hapajateketea. Na katikati penyewe, joto likipita nyuzi 60 zile nyuzi za wanga zinaachana tena, panarudi laini kama pa leo. Unapata ganda linalovunjika na ndani kama pamba, kitu ambacho mkate wa moto hauwezi kukupa, juu ule ukiuweka kwa tosta unatoa mvuke tu, unajikunja, unashikana, na ukiumeza unakuwa donge. Nadhani hilo donge ndo mama anaita gesi. Gesi iliyofanya mkate ufure ilishatoka zamani, mkate wa leo ukiutafuna vizuri hauna makosa yoyote.

Lakini shemeji naye hakuota hio tabia yake hewani. Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa, mkate ukiuacha kwa karatasi siku tatu hivi unapata madoa ya kijani, ukungu umeingia, basi mtu aliyelelewa huko anajifunza mkate unaliwa leo. Nakuru usiku ni baridi, ukungu unachelewa, na baridi ndo rafiki ya ule ugumu. Hii ndo sehemu inashangaza watu: kukaza kwa wanga kunaenda mbio zaidi kwa baridi ambayo haijagandisha, kwa hivyo friji, ile nyuzi 4 zake, ndo mahali pabaya zaidi kuweka mkate unaotaka kuula laini. Unazuia ukungu, sawa, lakini unauzeesha siku chache kwa usiku mmoja. Kama ni wa tosti haina shida, moto utaurudisha. Na friza ni hadithi nyingine kabisa, ukigandisha kila kitu kinasimama pale kilipo, unaeza weka mkate uliokatwa huko wiki mbili na utoe slesi moja moja moja kwa moja hadi kwa tosta bila kuyeyusha. Nilimwambia shemeji hio akasema kwao friza ni ya samaki. Haya.

Tuingie kwa moto, juu hapa ndo mambo yanatofautiana.

Jiko la makaa na wavu linachoma kwa joto linaloruka lenyewe kutoka kwa kaa jekundu, kama lile la jua mgongoni, bila kugusa. Uso unakauka kwa nguvu na haraka, ndani panabaki na maji yake, ukichanganya na kamoshi kidogo ndo ile tosti ya kwa nyanya ambayo hakuna mashine imewahi kuniletea. Siri ni urefu: wavu ukae juu kidogo ya makaa, si juu ya makaa yenyewe, na usichome makaa yakiwa na ulimi wa moto, juu ulimi unaleta masizi, sio tosti. Na jiko likae nje ama mlangoni, tafadhali. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu haina rangi, na kila msimu wa baridi kuna watu wanafungia jiko kwa nyumba wanalala wasiamke.

Kuna wale wanaweka slesi moja kwa moja juu ya moto wa meko, wameshika na uma. Nimefanya nikiwa chuo, siwezi kukudanganya sijafanya. Moto wa gesi wenyewe unatoa mvuke ukiwaka, kwa hivyo unaunguza kingo hapo juu huku unalainisha hapa chini, unapata kitu kina ramani ya Afrika nyeusi katikati. Kama una gesi tu, tumia pani kavu.

Pani inafanya kazi kwa kugusa. Shida ya mkate ni kwamba una mashimo, slesi ikilala kwa chuma inagusa vilima tu, mabonde yanabaki hewani, ndo unapata madoa badala ya rangi sawa. Majarini ama siagi inatibu hilo: ikiyeyuka inajaza mabonde, inabeba joto kutoka kwa chuma hadi kila mahali, ndo maana tosti ya pani iliyopakwa inatoka dhahabu pande zote kama imepigwa rangi na fundi. Lakini siagi yenyewe ina maji, kama asilimia 16, na zile za kupaka zisizo na mafuta mengi zina maji zaidi hata, kwa hivyo ukiweka nyingi na moto mdogo unachemsha mkate. Moto wa kati, paka kwa mkate badala ya kumwaga kwa pani, na subiri mpaka ule mlio wa chwaa upungue. Ule mlio ni maji yanatoka. Ukinyamaza ndo rangi inaanza.

Alafu tosta. Kabla ya tosta ya stima kuwezekana ilibidi mtu apate waya unaoweza kuwaka mwekundu kila asubuhi bila kukatika, juu chuma cha kawaida kikishika moto kwa hewa kinaliwa haraka. Huyo alikuwa Albert Marsh, Mmarekani, 1905, alichanganya nikeli na kromiamu, na mpaka leo ukichungulia kwa tosta yako ndo hio iko hapo inang'aa. Mwaka 1909 General Electric ikatoa tosta ya nyumbani iliyouzika, ilikuwa tu fremu ya waya inachoma upande mmoja, unageuza na mkono, na ukisahau imekula kwako. Ile ya kuruka yenyewe ilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, 1921, ya fundi wa Minnesota anaitwa Charles Strite, na ikaingia majumbani kwa jina la Toastmaster mwaka 1926. Ikabaki shida moja: mkate wa kukata na kisu nyumbani, huku mnene huku mwembamba, hauingii kwa tundu sawa. Mwaka 1928 mashine ya Otto Rohwedder ikaanza kuuza mkate uliokatwa tayari, mji wa Chillicothe, Missouri, na kutoka hapo tosta na slesi zikawa mume na mke. Wamarekani walizoea sana hadi vitani, Januari 1943, serikali yao ilipokataza mkate wa kukatwa ati kubana matumizi, watu walilalamika mpaka marufuku ikaondolewa Machi mwaka huo huo. Nawaelewa. Hapa kwetu 2024 Muswada wa Fedha ulipotaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate, tuliona vile mkate unaeza toa watu nyumbani.

Kuna moja ya kuwa macho nayo. Ukisoma mahali ati tosta ya stima ilivumbuliwa na Mskoti mwaka 1893, achana nayo, ulikuwa mzaha wa wanafunzi wa chuo huko Uingereza, wakaweka jina la mwenzao na picha waliyoichezea iwe ya kizamani, magazeti na vitabu vikaibeba miaka kama kumi hadi 2022 kijana wa shule akaona ile picha haikai sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaambia watu hio stori.

Ndani ya tosta ni rahisi kuliko unavyodhani. Ukishusha mkono wa pembeni stima inaingia kwa waya, na pia inaingia kwa sumaku ndogo ya umeme ambayo ndo inashikilia huo mkono chini. Saa ikifika sumaku inaachiliwa, springi inarusha mkate juu. Ndo maana stima ikipotea katikati ya kazi tosti inaruka ikiwa nyeupe, na ndo maana ukijaribu kushusha mkono wakati hakuna stima haukai, unarudi tu, na mtu anaanza kusema tosta imekufa anaipeleka kwa fundi. Angalia swichi ya ukutani kwanza, boss.

Na zile namba za 1 hadi 6 kwa tosta nyingi ni saa tu. Tosta haijui mkate wako ni wa leo ama wa juzi, haijui umetoka friza, inahesabu muda basi. Raundi ya kwanza sehemu ya muda inaenda kupasha mwili wa tosta yenyewe, raundi ya pili mwili tayari ni moto, kwa hivyo muda ule ule unazidi, mkate unaungua. Shemeji alikuwa anarudia namba 4 raundi zote na kulaumu mkate. Ya kwanza 4, ya pili teremka hadi 3, kwisha. Kwa stima usiogope sana: tosta ya wati 800 kwa dakika mbili na nusu inakula sehemu ndogo tu ya yuniti, yuniti moja inakupa raundi 30 hivi. Cha kuogopa ni mtu kuingiza uma ama kisu kutoa slesi iliyokwama wakati plagi iko ukutani, hio ni volti 240. Chomoa, igeuze kichwa chini, itikise. Na mkate uliopakwa majarini usiingie tosta hata siku moja, mafuta yakidondoka kwa waya nyekundu ni moto wa kweli.

Ya mayai ni tosti iliyogeuzwa, hapa unarudisha maji badala ya kuyatoa. Yai, maziwa kidogo, chumvi ama sukari, unachovya slesi alafu pani. Mkate wa moto ukiuchovya unalegea unakatika mkononi, huo mgumu wa siku mbili tatu unanyonya bila kuvunjika, yai likishika moto linakaza kwa yale mashimo kama simiti. Waingereza na Wamarekani wanaiita tosti ya Kifaransa, lakini Wafaransa wenyewe wanaiita mkate uliopotea, juu ilikuwa njia ya kuokoa mkate uliokuwa unaenda kutupwa. Wahispania nao wana yao, torrijas, wanakula sana kuelekea Pasaka. Sasa ukitoka huku bara ukaenda Mombasa ukaagiza mkate wa mayai, usishangae ukiletewa keki yenye iliki. Makosa si ya mpishi, hilo jina huko lina mwenyewe.

Kula ndo kila mtu na dini yake. Tosti kavu kwa chai ya maziwa ina sekunde zake, ukichovya kidogo ganda linabaki na ndani inakunywa chai, ukichelewa inazama unaitafuta na kijiko. Majarini ipakwe tosti ikiwa moto ili iingie kwa mashimo, jemu isubiri ipoe kidogo isigeuke maji. Ovakado iliyopondwa na chumvi na ndimu kidogo, hii msiwaachie watu wa Nairobi wauziane bei ya kiwanja, ukitoka Kisii sokoni unayo ya bei ya chini. Siagi ya njugu pia. Shemeji hula na omena ya jana iliyokaangwa kavu na kachumbari juu, nilimcheka mwezi mzima alafu nikajaribu, na sina la kusema tena.

Kuhusu afya nitapita haraka. Mtu akiambiwa ana sukari anaanza kula tosti akidhani sukari imechomeka, haijachomeka, umetoa maji tu, wanga uko pale pale, na juu imekuwa nyepesi unajikuta umekula slesi nne badala ya mbili. Ile nyeusi kabisa nayo si dawa ya tumbo, makaa ya hospitalini ya kunyonya sumu yanatengenezwa kivyake, si mkate ulioungua. Mwaka 2002 Wasweden ndo walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipita nyuzi 120 hivi vinatengeneza akrilamaidi, kitu ambacho kimeleta saratani kwa wanyama wa maabara, na kadiri rangi inavyozidi ndo inazidi. Kwa watu ushahidi haujakaza hivyo, lakini Waingereza 2017 waliwaambia watu wao wachome hadi rangi ya dhahabu waishie hapo, na mimi naona ni sawa, juu hata kwa ulimi dhahabu inashinda nyeusi. Ukiunguza kidogo kwaruza na kisu juu ya sinki. Ukiunguza yote, kuku wa jirani wapo.

Na kweli ikianguka inaangukia upande wenye majarini. Si mkosi. Robert Matthews, Mwingereza, alipiga hesabu akaichapisha 1995: slesi ikiteleza pembeni ya meza inaanza kuzunguka, na urefu wa meza ya kawaida unaitosha kugeuka nusu tu kabla ifike chini. Ili irudi na uso juu ungehitaji meza ya mita tatu hivi.

Imebaki ile ya sahani, ambayo ndo ilimaliza ugomvi wetu kuliko hata hio kemia yote. Tosti ikitoka kwa moto ndani bado kuna mvuke unatafuta njia. Ukiilalisha kwa sahani baridi mvuke wa upande wa chini unagonga sahani unageuka maji, unarudi kwa tosti, na ukipanga tatu juu yake ndo umeziloesha kabisa, ile kazi yote ya kukausha umeifanya bure. Ukiweka kwa hotpoti ukafunika ni vibaya zaidi. Waingereza walitengeneza kabisa kastendi ka waya ka kusimamisha tosti moja moja, na nilikuwa nadhani ni madoido tu ya wazungu mpaka nikaelewa. Kwetu hakana, kwa hivyo saa hii mama akichoma mkate wake wa jana shemeji ndo anapokea, anazisimamisha mbili mbili zikiegemeana kama hema, nyingine zinaegemea mkebe wa majani chai, na mtu akizilalisha wanamfokea wote wawili.